Pima KH kabla pH haijaanguka

Tangi langu la kwanza la samaki, la lita 100, lilisoma pH (kipimo cha asidi ya maji) 7.4 wiki baada ya wiki, kwa miezi minne. Nilikuwa naandika daftarini na kuridhika. Asubuhi moja nikakuta samaki wamebana mapezi, wengine wanahema juu ya maji. pH ilikuwa chini ya 6. Nikapima KH kwa mara ya kwanza: tone moja tu la dawa ya kupimia, na maji yakageuka manjano. Hapakuwa na akiba yoyote ya kuzuia asidi.

KH, yaani ugumu wa kaboneti, ni kipimo cha bikaboneti na kaboneti zilizoyeyuka majini. Ndizo zinazomeza asidi kabla haijagusa pH. Na asidi haikomi: bakteria wa kwenye filta huizalisha kila wanapogeuza amonia kuwa nitrati. Kila miligramu ya naitrojeni iliyomo katika amonia hula takriban miligramu 7 za akiba, ikihesabiwa kama kalisi kaboneti. Kwa hiyo tangi lenye samaki wengi wanaolishwa sana huimaliza mapema, huku pH ikisimama palepale kana kwamba hakuna kinachoendelea. Usichanganye KH na GH; GH, yaani ugumu wa jumla, hupima kalisi na magnesi, na moja inaweza kuwa juu nyingine ikiwa chini.

Mimi napima kwa matone. Suuza kichupa kwa maji ya tangi lenyewe, weka mililita 5, kisha dondosha tone mojamoja ukitikisa kila mara, chupa ya dawa ikiwa wima ili matone yalingane. Katika vipimo vingi maji huanza na buluu na kuishia manjano. Idadi ya matone ndiyo digrii, na digrii moja ni kama miligramu 17.9 za kalisi kaboneti kwa lita. KH ikiwa ndogo, tumia mililita 10. Hapo kila tone ni nusu digrii. Vijiti vya karatasi sivitegemei, kwa sababu pale kwenye digrii 2 au 4, ambapo ndipo penye hatari, rangi zake zinakaribiana mno. Pima pia maji ya bomba siku hiyohiyo. Yakiwa na 6 na tangi lina 3, umeshajua tangi linakula kiasi gani.

Kwa samaki mchanganyiko napenda KH ya digrii 4 hadi 8. Sikilidi wa ziwa Tanganyika na Malawi wanataka 10 na zaidi.

KH ikishuka, badilisha maji kwanza. Kama maji ya bomba nayo yana KH ndogo, bikaboneti ya soda, ile ya kuokea, gramu 3 kwa lita 100 hupandisha digrii moja. Iyeyushe kikombeni, mimina taratibu, digrii moja kwa siku. Usitumie magadi: yana kaboneti nyingi, nayo hurusha pH juu ghafla.

Haraka ndiyo iliyoniponza. Chini ya pH 6 bakteria hudorora na amonia hurundikana, ila karibu yote huwa katika umbo la amoniamu lisilodhuru sana. Mimi nilibadilisha nusu ya maji kwa mkupuo, pH ikapanda, amoniamu ikageuka amonia yenye sumu, na nikapoteza samaki waliokuwa wamenusurika usiku. Tangi likiporomoka, pima amonia kwanza, punguza chakula, na ubadilishe maji kidogokidogo kwa siku kadhaa.

Ili kuizuia KH isishuke tena, naweka vipande vya matumbawe kwenye mfuko ndani ya filta. Huyeyuka polepole, kwa kasi zaidi maji yakianza kuwa na asidi, na hupandisha GH pia. Kumbuka vilevile kwamba maji yanapokauka madini hubaki tangini. Ukijazia kwa maji ya bomba kila mara, KH itapanda. Kwa kufidia yaliyokauka natumia maji yaliyochujwa madini, na ya bomba nayaweka kwa siku ya kubadilisha.