Je, wajua kwa nini daktari wa macho hakupi dawa ya ganzi ukaenda nayo nyumbani?

Fundi kachomelea mageti mchana kutwa bila kioo cha kujikinga. Jioni kala, kalala. Usiku wa manane anashtuka: macho kama yamemwagiwa mchanga, machozi yanamchuruzika, taa haitazamiki. Mionzi ya urujuanimno (UV) ya mwanga wa kuchomelea imeunguza utando wa juu wa konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na maumivu yake huchelewa saa kadhaa.

Hospitalini anadondoshewa tone la tetrakaini, dawa ya ganzi ya macho. Dakika haijaisha, maumivu yamekatika! Anaomba apewe chupa. Daktari anakataa, na ana haki ya kukataa.

Konea ina unene wa nusu milimita hivi, haina mishipa ya damu, ila imejaa neva kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili. Ikichubuka, seli za ukingoni mwa kidonda husogea kufunika pengo, kisha huzaliana. Mchubuko mdogo huziba kwa siku moja hadi tatu. Dawa ya ganzi huzizuia seli hizo zisisogee wala zisizaliane. Tena jicho lililokufa ganzi halipepesi vizuri, hukauka, na mwenyewe hulifikicha bila kujua anajiumiza.

Ganzi hiyo hudumu dakika 10 hadi 20 tu. Ikiisha, maumivu hurudi, mtu anadondosha tena, kidonda kinapanuka, naye anazidisha matone. Baada ya siku au wiki kadhaa konea huweza kufanya duara jeupe, ikaoza, hata ikatoboka. Wapo waliopoteza jicho kutokana na mchubuko ambao ungepona wenyewe.

Jambo hili si geni. Mwaka 1884 daktari Carl Koller wa Vienna alionyesha kwamba kokeini hutia jicho ganzi, na upasuaji wa macho ukabadilika kabisa. Lakini kokeini hiyohiyo ilionekana kuharibu konea.

Siku hizi baadhi ya madaktari wa dharura Marekani hutoa matone machache kwa mchubuko mdogo, yasizidi saa 24. Hiyo ni kazi ya daktari aliyelipima jicho. Chupa ya kununua dukani ni habari nyingine. Kwa maumivu ya nyumbani, meza dawa ya maumivu, tumia dawa ya kuzuia maambukizi uliyoandikiwa, kaa gizani.

Na kama umeshaitumia ganzi kwa siri, mwonyeshe daktari chupa. Wagonjwa wengi huificha, kidonda kikadhaniwa ni cha vijidudu, wakatibiwa ugonjwa usio wao huku wakiendelea kudondosha.