Sumu ya shambani haileweshi uduvi, inakata breki ya neva

Malalamiko ya uvuvi wa sumu Ziwa Victoria yameongezeka, na kila tukifika mwaloni tunaelezwa kwamba dawa ya pamba "inalewesha tu" samaki na uduvi. Tumeshakanusha mara nyingi. Tunakanusha tena.

Jamii ya kamba na uduvi ina seli za neva zinazopima mvutano. Zimeelezwa vizuri zaidi kwa kamba wa maji baridi: kwenye pingili za tumbo kuna nyuzi za misuli nyembamba, na mkia ukikunjwa nyuzi hizo huvutika, seli ikarusha ishara mfululizo. Haiachwi irushe ovyo. Neva ya kuzuia huishukia na kumwaga kemikali iitwayo GABA, inayofungua vijia vya kupitisha kloridi, chembe yenye chaji ya umeme, kwenye utando wa seli. Ishara hukatika hata kama mkia bado umekunjwa. Wanasayansi Stephen Kuffler na Carlos Eyzaguirre walilionyesha hilo mwaka 1955, na miaka hiyohiyo mwenzao Ernst Florey alitumia seli hiyohiyo kupima kimiminika kilichotolewa kwenye ubongo wa ng'ombe. Kilichozuia ishara humo kilikuja kutambuliwa kuwa GABA.

Endosulfani, dawa ya pamba ambayo wengi mliijua kama thiodani, huziba vijia hivyo. Breki ikikatika, neva hurusha ishara bila kukoma, mnyama anatetemeka, anakakamaa, anakufa. Huo si ulevi. Ubongo wa mtoto wako nao unategemea GABA, ndiyo maana aliyekula sumu hii hupata degedege. Na kupika hakuifanyi salama, tafadhali tuelewane hapo.

Ukikuta samaki au uduvi wamekufa kwa wingi, usiwaguse kwa mikono mitupu, usiwauze, usiwape kuku wala bata. Andika saa na mahali, kisha umjulishe kiongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni) au afisa uvuvi. Sampuli huchukuliwa na afisa mbele ya shahidi, huwekwa lebo na kusafirishwa kwenye barafu. Unayotuletea mwenyewe kwenye mfuko wa nailoni itatupa fununu, lakini ni vigumu kusimama kama ushahidi.

Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa sumu, na anayenunua samaki hao akijua naye asijione yuko salama. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya sumu, na hasara iliwafikia hata wavuvi ambao hawakuwahi kuigusa.