Nyama haijafyonza mwanga wako wote

Wanafunzi na watafiti huniletea majedwali ya vipimo vya mwanga uliopitishwa kwenye ini, msuli na mafuta ya wanyama, na karibu kila jedwali lina sentensi ileile: "Tishu imefyonza mwanga kiasi hiki." Jamani, hapana! Ulichopima ni mwanga ambao haukufika kwenye kitambuzi, yaani kifaa kinachoupokea mwanga. Huo si ufyonzaji.

Dhana potofu ninazokutana nazo ni hizi. Dhana: mwanga ukipungua, umefyonzwa.

Kwa mwanga mwekundu na wa infraredi ya karibu (usioonekana kwa macho, unaofuata baada ya mwekundu), tishu laini hutawanya mwanga mara mamia zaidi kuliko inavyoufyonza. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, hugonga nyuzi za kolajeni, mitokondria na utando wa seli, ikapindishwa njia takriban mara 10 katika kila milimita. Lakini ili ifyonzwe, mara nyingi husafiri makumi ya milimita. Frans Jöbsis alionyesha mwaka 1977 kwamba mwanga wa aina hii hupita kichwani mwa paka aliye hai na kutoka na habari za oksijeni ya ubongo. Ingekuwa nyama inaufyonza kama majedwali yenu yanavyodai, asingepata kitu.

Sasa mtu anaweka leza, kipande cha ini na kitambuzi kidogo upande wa pili, anaingiza unene wa kipande kwenye kanuni ya Beer-Lambert (inayohusisha kupungua kwa mwanga na unene wa kitu unachopita), na jibu analiita kigawo cha ufyonzaji. Kanuni hiyo, ikitumiwa hivyo, inataka mwanga uende moja kwa moja, na ndani ya ini fotoni hutangatanga. Kosa lake hufika mara mamia. Tumia tufe la kukusanyia mwanga: pima unaopenya na unaorudi, kisha kokotoa ufyonzaji na mtawanyiko kila kimoja peke yake. Huna tufe? Andika "upungufu wa jumla", taja urefu wa wimbi na unene wa kipande, uishie hapo. Tena usikibane kipande kati ya vioo: maji yakitoka, mtawanyiko hubadilika.

Dhana: nyama ya buchani ni sawa na mnyama hai. Hapana: damu imeshavuja, na hemoglobini, rangi nyekundu ya damu, ndiyo mfyonzaji mkuu wa mwanga wa bluu na kijani. Kugandisha na formalini (dawa ya kuhifadhia tishu) huongeza tatizo.

Dhana: wimbi likiwa refu zaidi, ndivyo mwanga unavyopenya zaidi. Kati ya nanomita 650 na 900, sawa. Baada ya hapo maji huanza kufyonza kwa nguvu, na kilele kimoja cha ufyonzaji huo kiko karibu na nanomita 970.

Dhana: kumnyoa panya mweusi kunatosha ili mwanga upite. Manyoya yake yakiwa katika awamu ya kuota, ngozi yenyewe huwa na madoa ya melanini, rangi nyeusi inayofyonza mwanga. Subiri madoa yaishe, au tumia panya mweupe. Na ukipiga picha za mng'ao (za mwanga ambao tishu hutoa baada ya kumulikwa), mwondolee chakula chenye alfaalfa siku kadhaa kabla. Klorofili iliyo tumboni hung'aa nyekundu, na watu huiita uvimbe.