Je, wajua kwa nini simu hugoma Karanga wakati kidude cha gramu 100 kinafika angani?

Ukilala kambi ya Karanga, Mlima Kilimanjaro, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, usiku usio na mawingu unaziona taa za Moshi chini yako. Mji uko pungufu ya kilomita 30. Simu inahangaika, inaonyesha vijiti viwili, ukijigeuza tu kwenye hema vimepotea. Mgeni wa hema la jirani anabofya kidude alichokining'iniza begini, na baada ya dakika chache anasoma jibu kutoka kwao Ulaya. Ujumbe wake umepanda kilomita 780 kwenda juu, kwenye setilaiti. Inakuwaje wa mbali ufike na wa karibu ugome?

Tuanze na Moshi yenyewe. Minara ya simu hujengwa kufuata wateja, na wateja wako sokoni, stendi na majumbani. Antena zake huinamishwa kidogo chini ili mawimbi yaende waliko. Wewe uliye mlimani unaambulia mabaki, na ukishapita nyuma ya tuta moja hata hayo huyapati. Kwa 2G, mtandao wa simu wa kizazi cha pili, kuna kikwazo kingine: mnara wa kawaida hauihudumii simu iliyo zaidi ya kilomita 35, hata kama mnaonana bila kizuizi, kwa sababu mawimbi yake hufika yamechelewa kuliko muda ambao mtandao umepangiwa kuyasubiri. Ni kweli kampuni ya simu ya TTCL ilifikisha intaneti ya kasi kambi ya Horombo, mita 3,720, Agosti 2022, na wapandao kwa njia ya Marangu wana afadhali. Lakini msitu wa Meru, Oldoinyo Lengai na kandokando ya Ziwa Natron ni habari nyingine.

Kuelekea juu hakuna mlima, hakuna nyumba. Ni hewa, halafu ni anga tupu. Tena kinachotumwa ni kidogo mno: ujumbe wa herufi 160 ni mwepesi sana ukilinganisha na mazungumzo ya sauti, kwa hiyo nguvu ndogo inatosha, na kifaa kina subira ya kurudia mpaka ujumbe upokelewe. Huko juu nako setilaiti ina antena iliyotengenezwa makusudi kusikia minong'ono.

Ila setilaiti si zote sawa, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Dukani swali la kwanza huwa betri inakaa siku ngapi. Mimi ningeuliza kwanza: kifaa hiki kinaongea na nani huko juu?

Mtandao wa Iridium una setilaiti 66, kila moja ikiizunguka dunia kwa dakika 100 hivi. Zinapokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe hadi ufike kwenye moja inayoonana na kituo cha ardhini, hata kama kituo hicho kiko bara lingine. Vifaa vya Garmin inReach na ZOLEO hutumia mtandao huu. Globalstar, mtandao unaotumiwa na vifaa vya SPOT, ni tofauti: setilaiti yake huurudisha ujumbe ardhini papo hapo, kwa hiyo lazima wakati huohuo ionane na kituo. Kusipokuwa na kituo karibu, umetuma hewani. Kwa mtu wa Arusha, kuangalia ramani ya huduma yao kabla ya kulipa ni lazima. Huduma ya dharura ya iPhone 14 na kuendelea nayo hupita Globalstar. Ilianza Novemba 2022 Marekani na Kanada, ikawa inaongezewa nchi mojamoja, basi usipande mlima ukiitegemea kabla hujahakikisha kwamba Tanzania imo.

Iridium nayo ina kasoro yake kwetu, ambayo sioni ikitajwa. Setilaiti hizo hupita katika njia sita, zote zikivuka karibu na ncha za dunia. Kule zinasongamana. Sisi tuko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, mahali ambapo njia moja na ya pili zimeachana zaidi ya kilomita 3,000. Matokeo yake ni kwamba mara nyingi unaiona setilaiti moja tu, na huenda iko chini, karibu na upeo wa macho. Uwandani si tatizo. Lakini kaa kambi ya Barranco, ukuta wa mwamba umeziba mashariki na kilele cha Kibo kimeziba kaskazini, uone ujumbe unavyoweza kukaa robo saa haujaondoka. Kifaa hakijafa, kinasubiri setilaiti itokee kwenye kipande cha anga kilichobaki. Usikizime, wala usianze kutembea nacho kambi nzima.

Msituni hali ni mbaya zaidi. Mvua yenyewe haiyasumbui sana mawimbi haya, ila majani yaliyolowa huyameza. Ukipanda Meru kutoka Momella kwenda Miriakamba, tafuta uwazi. Mwili wako pia ni maji, kwa hiyo kifaa kilicho mfukoni au chini ya begi chini ya chupa za maji kinasikia kidogo sana. Kifunge juu ya mkanda wa begi, begani, antena ikitazama juu.

Halafu kuna baridi ya kambi ya Barafu, ambayo huimaliza chaji ya simu kabla ya kuanza safari ya kileleni. Vifaa vingi huandikiwa ujumbe kupitia simu. Simu ikizima, inReach Mini bado unaweza kuiandikia herufi kwa herufi kwa vitufe vyake, kazi ya kuchosha lakini inawezekana. ZOLEO bila simu inabaki na mambo mawili tu: kusema uko salama, au kuomba msaada.

Kuomba msaada nako kuna mzunguko wake. Ukibofya SOS ya Garmin, anayepokea yuko Texas. Yeye ndiye anayetafuta wa kupiga simu huku, ilhali atakayekufikia ni askari wa KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na wagumu (wapagazi wa mlimani) wenye machela ya gurudumu moja. Ndiyo maana kwenye orodha ya watu wa dharura ningeweka namba ya ofisi ya kampuni yako Moshi, na mtu anayepokea simu saa nane usiku, kabla ya namba ya shangazi. Faida ya kifaa cha kutuma na kupokea ni hiyo: unaweza kusema ni mguu uliovunjika au ni kichwa na kikohozi chenye povu, mambo mawili yasiyosubiri sawasawa. Kile cha dharura tu, kinachotumia mawimbi ya MHz 406, hakina ada ya mwezi na kina nguvu zaidi, watt 5, lakini hakikupi jibu na hakijui unaumwa nini.

Wengi wa waongozaji wetu hawanunui. Huachiwa na wageni. Kama umeachiwa inReach, mwambie mwenyewe akiondoe kwenye akaunti yake kabla hajapanda ndege KIA, la sivyo hutaweza kukisajili kwa jina lako. Kisha ulipie kifurushi. Bila kifurushi hata SOS haifanyi kazi.