Mionzi ya Saratani ya Koo: Picha Zinaokoaje Tezi za Mate?

Kwa nini naambiwa mdomo utakauka?
Kwa sababu tezi za mate ziko njiani mwa mionzi. Zile kubwa ni jozi tatu: parotidi mbele ya masikio, nyingine chini ya taya, nyingine chini ya ulimi. Zikiunguzwa sana, mate hupungua na kuwa mazito, chakula kikavu hakimezeki bila maji, na meno huoza upesi. Kwa wengine hali hiyo haiishi.

Picha zinasaidia nini hapo?
Unalazwa chali, kisha plastiki iliyolainishwa kwa maji moto inatandazwa usoni mpaka igande na kuwa barakoa ya kukuzuia usitikisike. Unapigwa CT skani (picha za eksirei za vipande vya mwili) ukiwa umeivaa. Baadaye daktari huchora mipaka ya uvimbe na ya kila tezi, kipande kwa kipande, milimita chache kwa chache. MRI, yaani picha za sumaku, huongezwa pale CT isipotenganisha vizuri nyama laini, au meno yaliyozibwa kwa madini yanapovuruga picha. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo yenye uzito: tezi isiyochorwa, kompyuta inayopanga mionzi haina habari nayo.

Tezi inastahimili kiasi gani?
Uvimbe mara nyingi hupewa takriban grei 70 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa wiki saba. Kwa parotidi, lengo ni wastani usiozidi grei 25 kwa zote mbili, au angalau moja ibaki chini ya 20. Katika utafiti wa PARSPORT wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2011, ukavu wa kusumbua baada ya mwaka mmoja uliwapata asilimia 38 ya waliopewa mionzi iliyopangwa kuzikwepa parotidi, dhidi ya asilimia 74 ya waliotibiwa kwa njia ya zamani.

Si wazikwepe zote tu?
Kuua saratani kunatangulia. Tezi za chini ya taya hukaa jirani na mitoki ambayo saratani hupenda kuingia, kwa hiyo mara nyingi hazikwepeki. Nazo ndizo zinazotoa mate mengi wakati huli. Ndiyo maana mtu aliyeokolewa parotidi bado huamka usiku ulimi umekauka.

Picha ya mara moja inatosha?
Mara nyingi haitoshi. Wiki zikienda, unakonda, parotidi husinyaa na kusogea ndani, karibu na dozi kubwa. Ndiyo sababu unapigwa picha ndogo kwenye mashine kabla ya mionzi, na mabadiliko yakizidi, mpango hufanywa upya. Barakoa ikianza kupwaya, waambie siku hiyo hiyo.