Wageni wa harusi Moshi: wanayoambiwa na ukweli wake

Kamati ya harusi hubishana kuhusu ukumbi, MC na keki hadi usiku. Mgeni anayetoka Dar, Mwanza au Nairobi huachiwa ujumbe mmoja tu kwenye grupu: "Mkifika mtatembea tembea." Kutembea wapi? Hapo ndipo maneno ya mtaani yanapoingia.

"Moshi ni mlima, na mlima ni wa kupanda hadi juu."

Ndiyo maana asiye na wiki nzima ya likizo huishia kukaa hotelini na simu yake. Ukweli ni kwamba Kilimanjaro ina matembezi ya siku moja: unaanzia geti la Marangu hadi kituo cha Mandara, mita 2,720, kama saa tatu za kupanda katikati ya msitu wenye mbega. Kilele cha mita 5,895 kiacheni kilipo. Kiingilio kipo na kiongozi wa safari ni lazima, ila Waafrika Mashariki hulipa kidogo kuliko wageni wengine, kwa hiyo waambieni waje na vitambulisho.

Anayetaka kuuona tu naye asidanganywe kwamba mlima upo wazi mchana kutwa. Mara nyingi mawingu huufunika asubuhi ikishakolea, ukajitokeza tena jioni. Aliyecheza muziki hadi usiku wa manane akaamka saa nne atarudi kwao akiapa kwamba Moshi hakuna mlima.

"Chemka ni maji ya moto."

Jina ndilo linalowaponza watu. Maji ya Chemka, kule Rundugai wilayani Hai, yanabubujika kutoka ardhini lakini hayaunguzi. Ni ya uvuguvugu tu, safi kiasi cha kuona mizizi ya miti chini, na visamaki vinakudonoa miguu ukitulia. Kinachopaswa kusemwa, na hakisemwi, ni kwamba kina chake ni kirefu. Asiyejua kuogelea akodi boya, wala asione haya.

Kosa kubwa zaidi ni kuipanga safari hii Jumamosi asubuhi kwa kuwa kadi inasema ibada ni saa nane. Ukiacha lami pale Boma Ng'ombe, unakula vumbi hadi unafika. Dada aliyekaa saluni Ijumaa nzima kwa ajili ya nywele hatawasamehe. Chemka ni ya Jumapili, harusi ikishapita.

"Wazee hawana pa kwenda."

Hii ndiyo inayoniudhi. Mama mkwe anabebwa kutoka Songea, halafu anawekwa sebuleni aangalie televisheni! Wapelekeni Materuni, kijiji cha mlimani chenye maporomoko ya maji. Njia ya kushukia kwenye maporomoko ni ya vijana, na wakati wa masika inateleza hata kwao, lakini kijijini kuna wenyeji wanaokaanga kahawa mbele yenu, wanaitwanga kwenye kinu huku wakiimba, kisha wanaipika hapo hapo. Mzee anakaa kwenye benchi, anashika mchi kidogo, anakunywa kikombe chake. Wapo watakaoanza kusimulia habari za KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanza mwaka 1933, na hapo kijana wa kuongoza wageni hana tena kazi. Mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, nayo isisahaulike, kwa wanaokunywa.

"Orodha ndefu ndiyo ukarimu."

Hapana. Mgeni aliyetajiwa sehemu kumi na mbili hachagui hata moja. Mtajieni mbili: moja ya karibu kwa Ijumaa jioni, nyingine ya Jumapili. Kila moja iwe na nauli, muda wa kuondoka na namba ya mwanakamati mmoja atakayepokea simu. Kama harusi ni ya Desemba, Wachaga wanapokuwa wamerudi nyumbani, magari yawekwe oda mapema. Coaster ya kamati mara nyingi Jumapili imeegeshwa tu. Ongeeni na dereva kabla hajapata abiria wengine.