Hatari fiche: kinachopimwa kabla mzamiaji wa uokoaji hajagusa maji

Gari limetumbukia, au kijana kazama bwawani, na ukingoni watu wamejaa. Kila mmoja anataka mzamiaji aingie sasa hivi. Mwenyewe kasimama, anayatazama maji, anauliza maswali, na watu wanaanza kunong'ona kwamba anaogopa. Haogopi. Anafanya tathmini ya hatari fiche, yaani anatafuta mapema vitu vinavyoweza kumuua ambavyo aliye nchi kavu havioni.

Uzamiaji wa usalama wa umma ni ule unaofanywa na zimamoto, polisi, wanamaji au watu wa kujitolea ili kuokoa watu, au kuopoa miili, magari na vielelezo vya kesi. Mtalii anayezama kwenye matumbawe huchagua mahali na siku, na bahari ikichafuka anabaki hotelini. Mzamiaji wa uokoaji huitwa pale ambapo jambo limeshaharibika, mara nyingi kwenye tope ambamo haoni hata kiganja chake. Anafanya kazi kwa kupapasa.

Swali linalotangulia yote limo ndani ya Kiswahili chenyewe: tunaokoa au tunaopoa? Huokolewa aliye hai, huopolewa aliyekwisha kufa. Timu nyingi huhesabu kama saa moja tangu mtu alipozama kuwa ukomo wa matumaini, na katika maji ya joto kama yetu muda huo ni mfupi zaidi. Ukishapita, hakuna tena hatari yoyote ambayo mzamiaji anapaswa kuikubali kwa sababu ya haraka. Ni neno gumu kulisema mbele ya mama aliyesimama ufuoni, lakini wazamiaji wamekufa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kulisema.

Tuchukue Likoni, Mombasa. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lenye mama na binti yake liliteleza kutoka kwenye feri na kuzama katika mkondo wa Kilindini. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58 hivi. Wengi walikasirika: mbona siku zote hizo, na mahali panajulikana?

Kina peke yake kinajibu sehemu kubwa. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo mita 58 chini shinikizo ni karibu mara 7 ya la juu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200, yaani karibu mara 200 ya shinikizo la hewa ya kawaida, una lita 2,400 za hewa. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika angekaa nao saa 2 akiwa juu ya maji. Kule chini unakwisha katika dakika 18 hivi, kabla hujaondoa akiba wala muda wa kupanda polepole. Juu ya hayo, kwa kina hicho nitrojeni ya hewa ya kawaida humlevya mtu, na aliyelewa hajui kwamba amelewa.

Kisha maji yenyewe. Mwezi mpya ulikuwa tarehe 28 Septemba, siku moja kabla ya ajali, kwa hiyo yalikuwa maji ya bamvua. Mvuvi yeyote wa pwani anajua maana yake: kujaa na kupwa kwa nguvu, mkondo unaokokota. Penye mkondo wa namna hiyo hupigwa hesabu ya nyakati ambazo maji husimama, na kazi hupangwa ndani ya hizo. Ongeza meli zinazopita kwenda bandarini, na utaona kwa nini kusimama na kupima hakukuwa uzembe.

Lakini hatari ninayoihofia kuliko zote haina mkondo wa kuonekana. Wazamiaji huiita delta-pi, tofauti ya shinikizo. Palipo na lango la bwawa, kalavati au bomba ambalo upande wa pili una maji machache au hewa tupu, maji hutaka kupita hapo. Juu pametulia kabisa. Chukua tundu la sentimita 30 kwa 30 kwenye kina cha mita 5, upande wa pili mtupu: mzamiaji akiliziba kwa mwili, anabanwa kwa nguvu ya kilo 450, mifuko tisa ya saruji. Wenzake hawataweza kumvuta, na wakimvuta kwa mashine watamuumiza vibaya. Tarehe 25 Februari 2022 huko Pointe-à-Pierre, Trinidad, mafundi watano wa chini ya maji walifyonzwa ghafla ndani ya bomba la inchi 30. Mmoja alitoka. Hao walikuwa kwenye matengenezo, si uokoaji, ila maji hayatofautishi.

Kwa hiyo kabla ya kuzama karibu na bwawa, mzamiaji huuliza maji yanatokea wapi, yanakwenda wapi, na nani ana ufunguo wa lango. Lango hufungwa kwa kufuli na ufunguo hukaa mfukoni mwa msimamizi wa uzamiaji. Ahadi ya simu kwamba "tumeshazima" haitoshi. Hutupwa pia jani au kijiti juu ya maji, kikaangaliwa kinaelekea wapi. Kikianza kwenda upande usio na sababu, hapo huenda pana tundu.

Ziwani mambo hubadilika sura. Katika Ziwa Victoria kuna nyavu za timba, uzi mmoja wa nailoni usioonekana majini, ndiyo maana mzamiaji hubeba vikatio viwili, kila kimoja mahali ambapo mkono wowote unafika. Kuna kichocho, kinachopenya ngozi iliyolowa kwa dakika chache tu. Kuna viboko na mamba. Na kuna jambo ambalo hata wazoefu hulisahau: ziwa hilo liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na jedwali la kupanda, linalomwonyesha mzamiaji apande polepole kiasi gani, lililotengenezwa kwa ajili ya bahari likitumika bila kurekebishwa, mtu anaweza kupooza akiwa ameshavua vifaa na kuketi.

Gari lililozama nalo huvujisha mafuta, na mafuta huelea pale pale anapoingilia na kutokea mzamiaji. Nguo kavu, yaani vazi la kuzamia lisilopitisha maji, na barakoa ya uso mzima si anasa hapo.

Baada ya hayo yote, mzamiaji ana haki ya kukataa kuingia bila kutoa sababu, na mshika kamba, yaani mwenzake aliye juu anayeshika kamba aliyofungwa, ana haki ya kumtoa. Timu nzuri humweka pia mtu mmoja kukaa na familia tangu mwanzo, awaeleze kwa lugha nyepesi nini kinapimwa, maji yatasimama saa ngapi, na mzamiaji wa kwanza ataingia lini.